Wooden Ships & Iron Men, Flying Colors au Close Action: uchague upi kati ya michezo hii ya vita vya matanga?

Mtu aliyebobea katika michezo ya vita ya mezani akitaka kuhamia baharini, na hasa akitaka zama za matanga, hachelewi kukutana na majina matatu: Wooden Ships & Iron Men, Flying Colors na Close Action. Yote inahusu jambo lile lile: manowari za mbao zenye mizinga ubavuni, kuanzia vita vya uhuru vya Marekani hadi kuanguka kwa Napoleon, na upepo ndio wenye amri ya mwisho. Ukiangalia picha za masanduku unaweza kudhani ni ndugu wa tumbo moja. Ukikaa mezani, tofauti ni kubwa kiasi kwamba anayeupenda mmoja anaweza kabisa kuuchukia mwingine, na kuagiza sanduku kutoka ng'ambo hadi Dar es Salaam au Nairobi si hela ya kuchezea.

Swali ambalo watu huuliza kwanza ni upi una uhalisia zaidi. Naona ndilo swali linalosaidia kidogo kuliko yote, kwa sababu yote mitatu ilitungwa na watu waliosoma historia hii kwa dhati. Mimi ningeuliza hivi: mchezo umeficha wapi kile usichokijua? Wooden Ships & Iron Men umekificha kwenye karatasi ya adui. Close Action umekificha kichwani mwa mwenzako wa upande wako. Flying Colors umekificha kwenye dadu na kwenye zamu, yaani nani ataamka kwanza. Idadi ya watu unaohitaji mezani, muda utakaotumia, hata ugomvi utakaotokea, vyote vinafuata hapo.

Nachukulia kwamba msomaji si mgeni. Ameshacheza michezo yenye ramani ya vijumba vya pembe sita, anajua kitabu cha kanuni cha kurasa nyingi hakisomwi kama riwaya, na haogopi jedwali.

Kwanza upepo, maana hapo yote mitatu inakubaliana. Merikebu ya matanga ya mraba haiwezi kubisha, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka, kama jahazi letu la tanga la pembe tatu. Upepo wa omo, yaani wa kutoka mbele, kwake ni ukuta. Kwa hiyo katika mchezo wowote kati ya hii, kijumba unachotaka kukifikia kinaweza kuwa hatua mbili tu mbele ya omo lako na bado ukahitaji zamu nyingi kukifikia. Kundi lililo joshini, yaani upande upepo unakotoka, ndilo linaloamua pambano lianze lini, kwa sababu linaweza kuteremka juu ya adui wakati wowote. Lililo demani, upande upepo unakokwenda, haliwezi kupanda kumfuata. Ila wa demani naye ana yake: merikebu ikilala kwa upepo mkali, ubavu wake unaomtazama adui ndio unaoinuka, na milango ya mizinga mizito ya chini hubaki juu ya maji, huku wa joshini akilazimika kuifunga. Tena wa demani akiona mambo magumu, anageuza tezi, yaani nyuma ya merikebu, na kwenda zake. Waingereza walipenda kukaa joshini na kupiga mwili wa merikebu. Wafaransa mara nyingi walipiga milingoti na kamba ili adui asiweze kufuata. Michezo yote mitatu inakuachia uchague kulenga mwili au matanga, na mchezaji atakayelenga matanga kila mara kwa sababu amesoma kwamba Wafaransa walifanya hivyo atajikuta ana adui asiyetembea lakini anayepiga vizuri sana.

Tuje kwenye tofauti.

Wooden Ships & Iron Men

Huu ndio mzee wao. Uliundwa na S. Craig Taylor, ukatolewa na kampuni ndogo ya Battleline mwaka 1974, kisha ukachukuliwa na Avalon Hill ya Baltimore, ambayo ndiyo iliyoufikisha kwenye meza nyingi duniani. Avalon Hill iliuzwa kwa Hasbro mwaka 1998, na tangu hapo anayeutaka anatafuta nakala iliyokwishatumika.

Kila merikebu ina karatasi yake yenye safu za visanduku: visanduku vya mwili, vya mizinga ya kulia na ya kushoto, vya mabaharia, vya matanga. Ukipigwa unakata visanduku kwa penseli. Mwili ukiisha unashusha bendera. Mabaharia wakipungua hata mizinga mizima haina mtu wa kuishika. Ni mfumo wa zamani lakini unasomeka kwa macho. Ukitupa jicho kwenye karatasi ya merikebu iliyopigwa kwa saa nzima unaona ubavu wa kushoto umekatwakatwa, wa kulia haujaguswa, nusu ya mabaharia hawapo, na papo hapo unajua lazima umwonyeshe adui upande wa kulia au umekwisha.

Moyo wa mchezo ni kuandika mwendo kwa siri. Kila mchezaji anaandika atakachofanya zamu hii, vijumba vingapi mbele, ageuke wapi, kisha wote wanafunua na merikebu zinakwenda kwa pamoja. Tuseme manowari yako ya mizinga 74 inakaribiana na ya mwenzako yenye ukubwa huo huo. Uko joshini, yeye yuko vijumba vitatu mbele, ameegemea kulia kwako. Unachokitaka ni kupita nyuma ya tezi yake, kwa sababu mizinga ikipigwa kutoka tezi hadi omo, risasi husafiri urefu mzima wa sitaha na kila kitu kilicho njiani kinaondoka. Unaandika: moja mbele, geuka kulia, moja mbele. Lakini yeye anajua unachokitaka. Akienda moja kwa moja, umempata. Akigeuka kulia kwake, mtajikuta mnatazamana ubavu kwa ubavu. Akigeuka kushoto, mtagongana, kamba za omo lako zitanasa kwenye matanga yake, na sasa swali si mizinga tena bali ni nani mwenye watu wengi zaidi wa kurukia sitaha ya mwenzake. Mmefunua karatasi. Kelele inayofuata ndiyo sababu mchezo huu umedumu kwa nusu karne.

Jambo la pili unalolifanya vizuri kuliko wenzake ni mapigano ya mkono kwa mkono. Unagawa mabaharia wako katika makundi, wa kushambulia na wa kujihami, nao wakiwa sitahani hawapo kwenye mizinga. Ukitaka kuelewa kwa nini pambano la Shannon ya Waingereza na Chesapeake ya Wamarekani la Juni 1, 1813 lilimalizika ndani ya takriban robo saa, cheza frigeti mbili, yaani manowari ndogo zenye kasi, katika mchezo huu. Mpigo wa kwanza wa ubavu, uliojazwa kwa utulivu kabla ya vita, una nguvu kuliko yote itakayofuata. Baada ya hapo mabaharia wenye mazoezi wanazidi kupiga, wasio na mazoezi wanaanza kupwaya, na merikebu zikinasana mambo huisha haraka.

Sasa ubaya wake. Merikebu mbili hadi sita kila upande, utafurahi. Zikizidi hapo, mateso. Vita vya Trafalgar, pwani ya Hispania, vilikuwa na manowari 27 za Waingereza dhidi ya 33 za Wafaransa na Wahispania. Hizo ni karatasi sitini. Ukitumia dakika moja tu kuandika mwendo wa kila merikebu, mwenye 33 atakaa zaidi ya nusu saa kabla hata kete moja haijasogea, na hiyo ni zamu moja. Wapo wanaosema wameumaliza wote. Nawaamini, lakini sitaki kualikwa.

Na kuna jambo lingine ambalo watetezi wake hawapendi kulisikia: mchezaji mmoja anayeongoza merikebu kumi anaziongoza kama vidole vyake. Zote zinajua anachokijua yeye, zote zinageuka kwa wakati alioutaka. Hakuna admirali wa karne ya 18 aliyewahi kuwa na raha hiyo.

Flying Colors

Mike Nagel alilitazama tatizo la makundi makubwa akaamua kufuta kalamu. Flying Colors ulitolewa na GMT Games ya California mwaka 2005, na tangu hapo umepata matoleo mapya na nyongeza kadhaa. Hakuna kuandika mwendo, hakuna karatasi ya kila merikebu. Kete yenyewe inabeba takwimu, na uharibifu unaonyeshwa kwa vipande vidogo vya kadibodi. Dadu ni ya nyuso kumi.

Badala ya kusogea wote kwa pamoja, pande mbili zinapokezana kuamsha makamanda. Admirali wako ana masafa ya amri, na merikebu zilizo ndani ya masafa hayo husogea na kupiga pamoja naye. Iliyoachwa nyuma, au iliyovunjika mlingoti ikasukumwa demani, haiendi tena na wenzake. Hapo ndipo mchezo unapokubana. Unaanza na mstari mzuri ulionyooka kama uzi, na baada ya saa moja ya mizinga una vipande vitatu vya mstari, merikebu mbili zinazoelea peke yao, na kamanda mmoja aliyeuawa. Kila zamu unachagua: nimpeleke admirali akawaokoe waliobaki nyuma, au niwaache nisonge na walio wazima? Dadu ya kuanza ikimpa mwenzako zamu ya kwanza, mpango wote ulioupanga usiku unaweza kuharibika kabla hujagusa kete.

Merikebu pia ina kipimo cha ujasiri na weledi wa mabaharia wake, na tofauti kati ya kipimo chako na cha adui huongeza au kupunguza matokeo ya dadu. Hivyo ndivyo mchezo unavyoeleza kwa nini Waingereza wachache waliwashinda wengi: merikebu yenye mizinga mingi ya Kihispania inaweza kutisha kwa macho, halafu ikapiga kwa unyonge. Usiogope kuchukua upande dhaifu. Villeneuve, admirali wa Wafaransa pale Trafalgar, akichezwa na mtu mwenye subira, anayejua kwamba Nelson wa Waingereza lazima ateremke taratibu akipigwa bila kujibu, anaweza kumtoa jasho Mwingereza yeyote.

Trafalgar kwa mchezo huu inachezeka. Watu wawili wanaozijua kanuni wakiitenga siku nzima ya mapumziko, wataiona ikianza na wataiona ikigeuka kuwa vurugu, kama ilivyokuwa Oktoba 21, 1805: pigano la karibu, moshi, merikebu zimenasana tatu tatu. Mapambano ya ukubwa wa kati, merikebu kumi na tano kila upande, ndiyo yanayoupendeza zaidi kwa maoni yangu.

Lawama yangu kubwa ni vipande. Merikebu imepigwa mwili, kipande. Imepigwa matanga, kipande. Inawaka moto, imenaswa, imetia nanga, kila kimoja na kipande chake. Katikati ya vita ramani inakuwa na minara midogo ya kadibodi na mtu akipiga chafya ni balaa. Kwa sisi tunaokaa pwani kuna adui mwingine, pangaboi. Ramani ni ya karatasi, kete ni nyepesi, na nani atakubali kuzima feni Februari jijini Dar? Funika ramani kwa kipande cha plastiki kigumu kinachopitisha mwanga, kile wanachokata mafundi wa vibao vya matangazo, na uhamishe uharibifu kwenye karatasi ya pembeni. Kanuni hazikulazimishi kufanya hivyo, lakini wachezaji wengi wenye uzoefu huishia huko, na ndiyo kusema karatasi iliyofukuzwa mlangoni imerudi kupitia dirishani.

Lawama ya pili ni ya wanaotoka kwenye Wooden Ships. Watakuambia kwamba hapa unamwona adui akisogea kabla hujasogea, na unajibu kwa hesabu tupu. Ni kweli. Merikebu moja dhidi ya moja, Flying Colors hupooza, kwa sababu mvutano wake wote uko kwenye amri, na merikebu moja haina wa kuiamuru. Nagel mwenyewe na wenzake walitoa Serpents of the Seas mwaka 2010 kwa ajili ya mapambano madogo, ambako kadi zinaingia na pambano la frigeti mbili linapata uhai. Ukipenda mfumo huu lakini unataka madogo, anzia huko.

Faida yake isiyosemwa sana ni kwamba unachezeka peke yako. Kwa kuwa hakuna siri yoyote mezani, unaweza kukaa pande zote mbili kwa uaminifu. Kwa mtu aliye Mwanza au Bujumbura ambaye hana mchezaji mwingine wa vita vya matanga karibu naye, hili si jambo dogo. Wooden Ships ukiucheza peke yako, unajiandikia siri na kuisoma mwenyewe.

Close Action

Huu nitaukalia zaidi, kwa sababu ndio unaoeleweka vibaya.

Mark Campbell aliutunga, Clash of Arms wakautoa mwaka 1997. Kwa juu juu unafanana na Wooden Ships uliokomaa: kuandika mwendo kwa siri, karatasi za merikebu, visanduku vya kukata. Majedwali ni mengi zaidi, marekebisho ya mpigo mmoja wa mizinga yanaweza kukuchukua mistari kadhaa ya hesabu, na merikebu inageuka polepole zaidi kama inavyopaswa. Ukiishia hapo, ukaucheza watu wawili kila mmoja na merikebu nane, utasema ni mchezo mzito usio na sababu ya uzito wake. Wengi wamesema hivyo. Wamecheza mchezo ambao haukutungwa.

Close Action umetungwa kwa ajili ya meza yenye watu. Kila mtu anashika merikebu moja, mbili, tatu, na mmoja wao ndiye admirali. Halafu inakuja kanuni inayobadilisha kila kitu: hamruhusiwi kuzungumza kuhusu vita. Admirali akitaka jambo, anaandika ujumbe mfupi wenye maneno yaliyohesabiwa, nao hupelekwa kwa taratibu zake. Nahodha anaousoma anaelewa alivyoelewa. Hakuna kuuliza, "Mkuu, ulimaanisha wa mbele au wa nyuma?"

Ili kuona thamani ya kanuni hiyo, tazama Septemba 5, 1781, nje ya Ghuba ya Chesapeake, Marekani, wakati wa vita vya uhuru. Admirali Graves alikuwa na manowari 19 za Waingereza dhidi ya 24 za Mfaransa de Grasse. Upepo ulikuwa wake, nafasi ilikuwa yake. Alitaka merikebu zake zisogee karibu na kupigana, lakini ishara ya kukaa kwenye mstari nayo ilikuwa ikipepea. Kundi la nyuma chini ya msaidizi wake Hood lilitii mstari, likabaki mbali, likapiga kidogo sana. Hakuna merikebu hata moja ya upande wowote iliyotekwa siku ile, lakini Wafaransa walibaki na mlango wa ghuba, na mnamo Oktoba 19 jeshi la nchi kavu la Mwingereza Cornwallis lilijisalimisha Yorktown. Sasa mpe mchezaji wa Wooden Ships pambano hilo: atasogeza merikebu zote 19 vizuri, kwa sababu Graves na Hood ni mtu mmoja. Flying Colors itakuadhibu kwa masafa ya amri, lakini kwa hesabu. Katika Close Action, Hood ni mtu aliyekaa upande wa pili wa meza, anakunywa chai yake, ana karatasi yako mkononi yenye maneno matatu, na anafanya kitu cha ajabu kabisa akiwa na nia njema. Huruhusiwi hata kuguna.

Nyongeza yake iitwayo Monsoon Seas inatuleta kwenye bahari yetu wenyewe, Bahari ya Hindi, katika vita vya Mfaransa Suffren na Mwingereza Hughes. Kati ya Februari 1782 na Juni 1783 wawili hao walipambana mara tano, Sadras, Providien, Negapatam, Trincomalee na Cuddalore, wakipangwa na majira ya pepo ambayo kila nahodha wa jahazi kuanzia Muscat hadi Kilwa aliyajua. Suffren alikuwa na mipango mizuri kuliko karibu kila admirali wa Kifaransa wa wakati wake, na mara nyingi manahodha wake hawakumfuata, wengine kwa kutomwelewa, wengine kwa kutotaka. Sijui mchezo mwingine wa mezani unaoweza kumweleza Suffren kwa haki kama huu. Unaketi kama yeye, unaandika ujumbe, unafunua mwendo, na nusu ya kundi lako imebaki joshini ikitazama.

Gharama ya haya yote ni watu. Chini ya wanne, usijisumbue. Sita hadi kumi ndipo unapowaka. Na lazima wote wakubali ukimya, maana mchezaji mmoja anayepiga jicho au kusema "mimi ningekuwa wewe..." anauua mchezo mzima. Kwa Waswahili tulivyo, kunyamaza saa tatu mezani mbele ya jambo la kubishania ni kanuni ngumu kuliko ile ya mizinga. Mteue mtu mmoja asiye na upande awe msimamizi, abebe ujumbe, asomewe yeye kwanza. Asipokuwepo msimamizi, ugomvi wa karatasi zilizosomwa mapema hautakwisha.

Habari njema ni kwamba mchezo wa kuandikiana unakubali umbali. Kundi lililotawanyika Mombasa, Toronto na Doha linaweza kuucheza kwa barua pepe au WhatsApp, zamu moja kila siku mbili tatu, msimamizi akisogeza merikebu na kutuma picha ya ramani. Tena kule kukatazwa kuzungumza kunakuwa jambo la kawaida, ilimradi asitokee mtu wa kufungua kikundi cha pembeni.

Kujifunza, kupata, na kuweka

Wooden Ships unaweza kumfundisha mchezaji mzoefu jioni moja, kwa kuanza na kanuni za msingi na merikebu mbili. Flying Colors unahitaji mwalimu aliyesoma kanuni za amri mara mbili, kwani hapo ndipo watu hukosea. Close Action: mtu mmoja azijue kanuni zote, wengine wajue kuandika mwendo tu. Kwa ajabu hii, mchezo mzito kuliko yote unaweza kumpokea mgeni kamili. Mpe merikebu moja katikati ya mstari, mwambie afuate aliye mbele yake. Manahodha wengi wa kweli hawakufanya zaidi ya hapo.

Kwa upatikanaji, GMT huchapa upya michezo yao wakishapata maagizo ya kutosha kwa mfumo wao wa kuagiza mapema uitwao P500, kwa hiyo Flying Colors hupotea madukani kisha hurudi. Wooden Ships ni kwa mkono wa pili, na kabla hujalipa muulize muuzaji picha ya karatasi za merikebu na vitalu vya kuandikia, kwa sababu sanduku linaweza kuwa zima na karatasi zimekwisha. Si tatizo kubwa, fotokopi ya duka lolote la steshenari inatosha. Close Action hutauona dukani huku kwetu, ni wa kuagiza au wa kumpata mtu anayeuza wake. Wooden Ships na Flying Colors huchezwa pia kwa Vassal, programu ya bure ya kompyuta, na ningeshauri mtu ajaribu huko kabla ya kulipia usafiri na ushuru.

Kuna pia Sails of Glory wa Ares Games, wa mwaka 2013, wenye merikebu ndogo zilizopakwa rangi tayari na kadi za mwendo. Mezani unapendeza kuliko yote mitatu na watoto watausogelea. Kwa mchezaji mzoefu anayetaka kuongoza kundi, utaishiwa merikebu au pesa, chochote kitakachotangulia.

Ningemshauri nani nini

Kama mko wawili na mnapenda kutegeana, chukua Wooden Ships & Iron Men na msizidishe merikebu nne nne. Huo pia ndio bora kwa kutunga mapambano yenu. Karatasi hujazwa kwa kalamu, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kuandaa pambano la Grand Port, Mauritius, la Agosti 1810, ambako frigeti nne za Waingereza ziliingia ghubani kuwafuata Wafaransa na hazikutoka: Sirius na Magicienne zilikwama kwenye miamba zikachomwa moto na watu wake wenyewe, Nereide na Iphigenia zikaangukia mikononi mwa Wafaransa. Chora miamba kwenye ramani, mpe Mwingereza frigeti zake nne, na usimwambie kina cha maji kabla hajaandika mwendo.

Kama mko wawili na mnataka kuona kundi zima likipigana, au uko peke yako, Flying Colors, bila kusita. Kama ningelazimika kubaki na sanduku moja kabatini ningebaki na hili, kwa sababu rahisi tu kwamba ndilo litakalofunguliwa mara nyingi.

Kama una watu sita wanaoaminiana na mmoja wa kusimamia, tafuta Close Action hata kwa kuazima. Hamtaucheza kila mwezi. Lakini hakikisha mtakapoucheza wewe ndiye nahodha wa merikebu ya nyuma kabisa na si admirali, angalau kwa mara ya kwanza. Utapokea ujumbe wa maneno matatu, utautafakari kwa dhati, utaandika mwendo wako kwa uhakika kabisa, na karatasi zikifunuliwa utaiangalia sura ya admirali wako.